Mgonjwa wa Kiluvya yuko mikononi mwa nani?

Kata ya Kiluvya ni ya Wilaya ya Kisarawe, ingawa ukiipita kwa basi hutajua. Iko kandokando ya Barabara ya Morogoro, kati ya Kibaha na Dar es Salaam, wakati makao makuu ya wilaya yake, aliko Mkurugenzi na Mganga Mkuu wa Wilaya, yako upande wa pili, kwenye vilima vya Pugu. Mjamzito wa Kiluvya akianza kuvuja damu usiku, hakuna dereva atakayefikiria kumzungusha hadi Kisarawe mjini. Atapelekwa Tumbi, au atakimbizwa Mloganzila. Hiyo ni busara tu ya kawaida. Lakini zahanati alikoanzia iko chini ya Halmashauri ya Wilaya ya Kisarawe, na halmashauri iko chini ya TAMISEMI, ofisi ya tawala za mikoa na serikali za mitaa. Tumbi, hospitali ya rufaa ya mkoa, iko chini ya Wizara ya Afya. Mloganzila ni sehemu ya Hospitali ya Taifa Muhimbili tangu 2018, na imejengwa ndani ya Mkoa wa Dar es Salaam, si Pwani. Kwa safari moja fupi, mama huyo anaweza kupita vituo vitatu ambavyo hakuna hata kimoja kinachowajibika kwa kingine.

Akipona, hakuna atakayeuliza. Akifia njiani, au akafika hai na kufia mezani kwa sababu hakuna aliyepiga simu kusema anakuja na anahitaji damu, kila ofisi itachunguza kilichotokea ndani ya ukuta wake. Zahanati itasema ilitoa rufaa kwa wakati. Hospitali itasema ilimpokea akiwa katika hali mbaya. Kauli zote mbili zinaweza kuwa za kweli, na zikiwekwa pamoja hazituelezi kilichomuua.

Sina nia ya kudai kwamba Pwani ina uhaba wa kamati. Zahanati ina kamati ya usimamizi yenye wawakilishi wa wananchi. Halmashauri ina Bodi ya Huduma za Afya, na ina timu ya usimamizi ambayo kila mtumishi huiita CHMT. Mkoa una timu yake. Hospitali ya rufaa ya mkoa ina Bodi ya Ushauri, timu ya uboreshaji wa huduma, kamati ya kudhibiti maambukizi na kamati ya dawa. Muuguzi mfawidhi mwenye bidii hujikuta ni katibu wa kamati mbili au tatu kwa wakati mmoja, na mihtasari anaiandika usiku. Kwa hiyo mtu akija na wazo la muungano wa usalama wa mgonjwa wa mkoa mzima, naelewa kwa nini watu wanapiga miayo. Wanasikia kikao kingine, wadau wengine, posho nyingine.

Hata hivyo nalitetea wazo hilo kwa sharti moja: muungano ukae pale mgonjwa anapotoka mkono mmoja kuingia mwingine. Ukirudia kazi ya kamati zilizopo, usiundwe.

Kamati pekee iliyozoea kuvuka kuta ni ile inayopitia vifo vya uzazi na vya watoto wachanga, kuanzia kituoni, wilayani, hadi mkoani. Ni kamati nzuri, na naamini ina mchango katika kushuka kwa vifo vya uzazi kutoka 556 kwa kila vizazi hai 100,000 katika utafiti wa kitaifa wa 2015/16 hadi 104 katika ule wa 2022. Lakini inaanza kazi baada ya kifo, tena kifo cha aina moja. Mama aliyenusurika baada ya kuondolewa kizazi hamo katika daftari lake. Majeruhi wa ajali ya Barabara ya Morogoro, ambaye ni mgeni wa kila wiki pale Tumbi, naye hamo. Mtoto aliyepewa dozi ya mtu mzima akatapika akapona, huyo hata nyumbani kwao huenda hawajui.

Mgawanyiko huu wa madaraka una tarehe. Novemba 2017, akizindua Mloganzila, Rais John Magufuli aliagiza hospitali za rufaa za mikoa zitolewe TAMISEMI na kukabidhiwa Wizara ya Afya. Sababu zilikuwa na uzito: madaktari bingwa, vifaa na usimamizi wa kitaalamu vilihitaji mwenye nyumba mmoja. Nadhani ulikuwa uamuzi sahihi kwa hospitali. Kwa rufaa, uliuhamishia mpaka wa madaraka mlangoni pa hospitali. Kabla ya hapo Mganga Mkuu wa Mkoa na mkuu wa hospitali ya mkoa walikuwa wa baba mmoja. Sasa wa kwanza anaripoti kwa Katibu Tawala wa Mkoa, na wa pili, Mganga Mfawidhi, anaripoti wizarani. Wakiheshimiana, mambo yanakwenda. Wasipoheshimiana, hakuna karatasi itakayowalazimisha.

Tumbi yenyewe imeishi na wazazi wengi. Ilizaliwa ndani ya mradi wa Tanganyika na nchi za Nordiki, yaani Denmark, Finland, Norway na Sweden, ule uliojenga shule, chuo cha wakulima na kituo cha afya pale Kibaha miaka ya 1960 na kukabidhiwa kwa serikali 1970 chini ya Shirika la Elimu Kibaha. Nchi nne na taifa changa waliweza kuandikiana nani analipa nini na hadi lini. Ofisi mbili za serikali moja zisishindwe kufanya hivyo leo.

Nani basi aongoze? Jibu la haraka ni Mganga Mkuu wa Mkoa. Nalikataa, na si kwa kumdharau. Yeye ndiye msimamizi wa wale watakaoleta taarifa za makosa yao. Akiwa mwenyekiti, kila taarifa itaandikwa kwa lugha ya kujikinga. Afanye kazi ya katibu, aitishe vikao, atunze kumbukumbu, asukume utekelezaji. Mkuu wa Wilaya au Mkuu wa Mkoa ndiyo kabisa asikalie kiti hicho, kwa sababu nitakazozieleza hapa chini. Mganga Mfawidhi wa Tumbi ana hospitali ya kuitetea, na mkurugenzi wa halmashauri ana vituo vya kuvitetea. Ningemtafuta mkunga mkuu mstaafu, au daktari mstaafu wa upasuaji anayeishi Kibaha au Mlandizi, mtu ambaye hana cheo cha kupandishwa wala barua ya kuogopa, nikampa kipindi kimoja cha miaka mitatu kisichoongezwa.

Lakini nguvu ya muungano isitegemee mwenyekiti. Itegemee saini. Katibu Tawala wa Mkoa asaini kwa niaba ya mkoa na halmashauri zake, Mganga Mkuu wa Serikali asaini kwa niaba ya hospitali za wizara, na Muhimbili isaini kwa ajili ya Mloganzila hata kama iko mkoa mwingine, maana mgonjwa hatambui jiwe la mpaka. Hadidu za rejea ziseme wazi kwamba akidi haitimii bila watu wenye uwezo wa kuidhinisha fedha. Sote tunaujua ugonjwa wa kutuma mwakilishi. Mkurugenzi ana dharura, anamtuma ofisa. Ofisa ana semina, anamtuma msaidizi. Msaidizi anakaa hadi chai, anasema "nitalifikisha", na suala linalala hapo hadi robo ijayo.

Turudi kwenye sababu ya kuwaweka wanasiasa mbali na kiti. Novemba 2007, katika Taasisi ya Mifupa MOI pale Muhimbili, vijana wawili waliokuwa na jina la kwanza moja walipelekwa chumba cha upasuaji. Mmoja alikuwa na uvimbe kichwani, mwingine alikuwa na tatizo la goti. Mwenye goti akapasuliwa kichwa, na mwenye uvimbe kichwani akapasuliwa mguu. Mwenye uvimbe alifariki dunia siku chache baadaye, mwenzake akapelekwa India kwa matibabu. Nchi ilitikisika. Tume ikaundwa, madaktari wakasimamishwa kazi, magazeti yakauza.

Jambo linalonisumbua hadi leo ni kwamba miezi hiyohiyo, kilomita mia kadhaa kutoka hapo, Hospitali ya Mtakatifu Fransisko ya Ifakara ilikuwa moja ya hospitali nane duniani zilizojaribu orodha ya usalama wa upasuaji ya Shirika la Afya Duniani. Nyingine zilikuwa London, Seattle, Toronto, New Delhi, Amman, Manila na Auckland. Orodha ile ina vipengele 19, na miongoni mwa vya mwanzo kabisa ni kumuuliza mgonjwa kabla ya usingizi: jina lako nani, unapasuliwa wapi, unafanyiwa nini? Matokeo yalichapishwa Januari 2009. Kwa hospitali zote nane kwa pamoja, wagonjwa waliopata madhara baada ya upasuaji walishuka kutoka asilimia 11 hadi 7, na waliofariki kutoka asilimia 1.5 hadi 0.8. Dawa ya kosa la MOI ilikuwa ikijaribiwa hapahapa nchini wakati kosa linatokea.

Kenya nao wakapita njia hiyohiyo. Mwanzoni mwa 2018, katika Hospitali ya Taifa ya Kenyatta, Nairobi, wagonjwa wawili walichanganywa na mmoja akafunguliwa fuvu la kichwa kutafuta damu iliyoganda ambayo hakuwa nayo. Waziri akamwondoa ofisini mkuu wa hospitali, na daktari, wauguzi na mtaalamu wa usingizi wakasimamishwa. Madaktari wenzao wakaandamana. Mjadala ukawa ni nani afukuzwe, nani arudishwe. Swali la jinsi kitambulisho cha mgonjwa kinavyosafiri kutoka wodini hadi thieta likapata nafasi ndogo sana.

Miaka zaidi ya kumi kati ya Dar es Salaam na Nairobi, kosa moja, hatua zilezile. Sisemi mzembe asiadhibiwe. Baraza la Madaktari la Tanganyika lipo, Baraza la Uuguzi na Ukunga lipo, na mtu aliyelewa kazini au aliyemtelekeza mgonjwa apelekwe huko bila huruma. Ninachosema ni kwamba chumba cha kujifunza na chumba cha nidhamu visiwe kimoja. Tumewaona viongozi wakifika wodini na kamera, wakiagiza muuguzi wa zamu asimamishwe kazi papo hapo, kabla hata ya jalada la mgonjwa kufunguliwa. Baada ya tukio kama hilo, kituo kizima hujifunza jambo moja: jalada liandikwe vizuri. Patografu, chati ya kufuatilia uchungu wa uzazi, hujazwa kwa mkupuo baada ya mtoto kuzaliwa, na kila saa inaonekana njema.

Mwongozo wa kupitia vifo vya uzazi una msimamo wa kutotaja jina na kutolaumu. Ni msimamo mwema, lakini mwongozo si sheria, na muuguzi anajua hilo kuliko sisi waandishi wa safu. Marekani walitunga sheria mwaka 2005 kulinda taarifa zinazopelekwa kwenye vyombo maalumu vya usalama wa wagonjwa zisigeuzwe ushahidi mahakamani. Kwetu, muungano wa mkoa hauwezi kujitungia sheria. Unaweza kukubaliana kwa maandishi kwamba taarifa zinazoletwa mezani hazitaombwa na ofisi ya nidhamu, na kwamba Katibu Tawala atausimamia ukuta huo hata siku mkubwa wake atakapopiga simu kwa hasira. Ahadi hiyo itapimwa mara moja tu. Ikivunjwa, rudisheni funguo za ukumbi.

Pwani ina faida moja ambayo mikoa mingi haina: imewahi kujaribiwa. Kuanzia 2011 mkoa mzima, Kibaha na Kisarawe zikiwemo, uliingizwa katika majaribio ya malipo kwa ufanisi, P4P, kwa fedha za Norway. Kila miezi sita vituo vilipimwa kwa vigezo vya huduma ya mama na mtoto, na waliofikia malengo walipata bonasi. Kitu ambacho watu husahau ni kwamba mameneja wa wilaya na mkoa nao walikuwa kwenye orodha ya bonasi. Watafiti wa Taasisi ya Afya Ifakara na wenzao wa London na Bergen walipolinganisha na wilaya za jirani zisizokuwa na mpango huo, walikuta kina mama wanaojifungulia vituoni wameongezeka kwa takriban pointi 8 za asilimia, na wajawazito wanaopata dawa za kuzuia malaria kwa takriban 10. Huduma nyingine nyingi zilizolengwa hazikusogea. Lakini usimamizi uliimarika: mameneja walitembelea vituo zaidi, na dawa muhimu zilipatikana vizuri zaidi.

Nalisoma tokeo hilo hivi. Pale meneja wa wilaya alipokuwa na kitu cha kupoteza kama zahanati ikikosa dawa, alikumbuka njia ya kwenda Maneromango na Mzenga, ndani ya Kisarawe. Hiyo ni habari njema kwa anayetaka kujenga uongozi. Habari mbaya ni kwamba vigezo vingi vilihesabu waliofikiwa na huduma, havikuhesabu waliodhurika nayo. Mama aliyejifungulia kituoni alihesabika, awe alirudi nyumbani akitembea au akibebwa. Na mradi ulipokwisha, fedha za aina hiyo zilihamia kwingine. Mpango uliofuata ulianzia Kishapu, Shinyanga, mwaka 2015. Muungano unaozaliwa na mfadhili huondoka naye uwanja wa ndege.

Sasa kuhusu taarifa, ambako naona ndiko roho ya jambo zima iliko. Fomu ya rufaa ina sehemu ya mrejesho: hospitali iliyopokea imwandikie aliyetuma, imweleze ilikuta nini, ilifanya nini, na nini kingefanyika mapema zaidi. Sehemu hiyo ndiyo inayoachwa wazi kuliko zote. Mkunga wa zahanati ya Kisarawe anaweza kutuma akina mama kwa miaka bila kuambiwa hata mara moja kwamba yule wa mwezi uliopita angepewa sindano ya magneziamu kabla ya kupakiwa garini, asingepata degedege njiani. Hakuna semina ya siku tatu yenye chai na vitafunwa itakayomfunza kama barua hiyo moja.

Tangu 2022 tunayo namba 115 ya mpango wa m-mama, ambao huwasafirisha wajawazito na watoto wachanga wenye dharura bila malipo, kwa magari ya wagonjwa au kwa madereva wa jamii pale gari lisipopatikana. Mengi yamesemwa kuhusu magari. Kwa jicho langu, mali kubwa zaidi pale ni kumbukumbu za saa: simu ilipigwa saa ngapi, gari liliondoka saa ngapi, mgonjwa alifika saa ngapi. Weka saa hizo kando ya saa ambayo daktari wa Tumbi alimwona mgonjwa, na saa ambayo chupa ya kwanza ya damu ilitundikwa. Umepata hadithi nzima ya safari, bila kumuuliza mtu yeyote ajieleze. Hapo ndipo muungano ungeanzia kazi: kila mwezi, safari chache zilizokwenda vibaya na moja au mbili zilizokwenda vizuri, mtumaji na mpokeaji wakiwa meza moja.

Michigan, Marekani, walifanya kitu cha namna hiyo katika vyumba 108 vya wagonjwa mahututi. Kila chumba kilitoa daktari mmoja na muuguzi mmoja kuwa viongozi wa timu, taarifa za maambukizi zikakusanywa kwa utaratibu mmoja, na wauguzi wakapewa ruhusa ya kumsimamisha daktari aliyeruka hatua. Maambukizi ya mirija ya mishipa mikubwa ya damu yalishuka kwa karibu theluthi mbili katika miezi 18. Watu hupenda kusifu orodha ya hatua waliyoitumia. Mimi nasifu ile ruhusa. Muuguzi wa Lulanzi au Mlandizi, huko Kibaha, anayemwambia daktari "subiri, hatujathibitisha jina" anahitaji kujua kwamba yupo mkubwa nyuma yake, tena mkubwa mwenye jina na namba ya simu.

Wananchi nao wakae mezani, lakini si kwa kupamba picha. Wajumbe wa kamati za usimamizi wa vituo wana uzoefu, hasa tangu fedha zilipoanza kupelekwa moja kwa moja kwenye akaunti za vituo mwaka wa fedha 2017/18 na wao kuwa sehemu ya kuidhinisha matumizi. Wanajua kusoma bajeti. Wawili kutoka Kisarawe na wawili kutoka Kibaha wanatosha, mmoja wao awe amewahi kupoteza mtu au kudhurika. Sanduku la maoni lisihesabiwe kama ushirikishwaji. Katika vituo vingi ninavyovijua, ufunguo wake uko mfukoni mwa anayelalamikiwa. Wenye maduka ya dawa na hospitali binafsi wapewe kiti kimoja kwa kuanzia, maana wagonjwa wengi hupita kwao kwanza, na makosa ya dozi huanzia huko.

Gharama si kubwa kama inavyodhaniwa. Ofisa mmoja wa kudumu wa sekretarieti, muda wa maongezi wa simu, mafuta ya kuwaleta wakunga wa vituo vya mbali, na karatasi. Kifungu chake kiandikwe katika Mpango Kabambe wa Afya wa kila halmashauri, na Tumbi ichangie kutoka mapato yake ya ndani. Mwaka wa fedha unaanza Julai, na mipango hiyo huandaliwa miezi mingi kabla. Kifungu kisichoingia mapema hukaa nje mwaka mzima, na wakati huo nauli ya mkunga wa Kiluvya kwenda kikaoni Kibaha itatoka mfukoni mwake, kwenda na kurudi.